Korongo weupe wako wapi mwaka huu? Watu wa Moshi na Arusha sogeeni hapa

Mwinga Ndege:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtoto wa Mabogini. Nimekulia kwenye majaruba nikiwinga kwelea kwelea kwa kopo na manati, na leo nakula kwa kuwapeleka wageni kuangalia ndege wale wale niliokuwa nawatupia mawe. Wiki iliyopita nimeaibika.

Nilipokea mzee wa Kijerumani, umri wa babu yangu, ana darubini ya miguu mitatu anaibeba kama kichanga. Mlima hakutaka hata kuutazama. Alitaka korongo weupe tu, wale wanaojenga viota juu ya mapaa kijijini kwao, awaone wakiwa ugenini. Nikamwambia hiyo kazi ndogo, mzee wangu. Desemba ya mwaka jana niliwakuta Sanya Juu kwenye mahindi machanga, wametapakaa kama mashuka ya hospitali yaliyopeperushwa na upepo.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Sanya Juu, sifuri. Nyasi za karibu na uwanja wa ndege wa KIA, sifuri. Kesho yake Mabogini, mashamba ya miwa ya TPC, Kahe, tukashuka hadi Nyumba ya Mungu: yangeyange wa kumwaga, kwarara, korongo mweupe hata wa dawa hayupo. Jioni mzee akakizungusha kifuniko cha darubini taratibu, akasema asante. Bora angenitukana.

Kijiweni nikasimulia. Wa kwanza kasema wameliwa na Waarabu njiani. Wa pili kasema sumu. Wa tatu kasema minara ya simu. Hakuna aliyeuliza mvua imenyesha wapi, na mimi nadhani hilo ndilo swali lenyewe.

Bibi yangu alikuwa akiona korongo anasema tayarisheni mbegu, wageni wameleta mvua. Alichokiona ni kweli ila mwendo wake ni kinyume. Korongo haleti mvua, anaifuata. Mvua ikigusa ardhi iliyokauka, ndani ya wiki chache kuna majani, kwenye majani kuna viwavi na panzi, na hapo ndipo korongo anatua. Hana kihamba, yaani shamba la ukoo, huku. Hana kiota, hana watoto, hana sababu ya kurudi Sanya Juu kwa kuwa tu mwaka jana alishiba Sanya Juu.

Sasa tazameni safari yake. Korongo wa mashariki mwa Ulaya, Poland na kwingineko, hawezi kuvuka bahari pana, kwa sababu hapigi sana mbawa. Anapanda juu ya hewa ya moto kama mtu anavyopanda lifti, kisha anateleza hadi hewa nyingine, na baharini lifti hiyo haipo. Kwa hiyo anazunguka: Bosphorus pale Istanbul, Uturuki, Lebanoni, Israeli, Sinai, anaufuata mto Nile hadi Sudan. Siku nzuri anakata kilometa mia mbili, tatu. Akifika Sudan au Chad anapumzika wiki kadhaa, anakula. Kama huko mvua zilikuwa nzuri na panzi wapo, wengi wanatulia huko huko. Kama hakuna kitu, wanasogea: Kenya, Tanzania, Zambia, wengine hadi Afrika Kusini. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakiwafunga vifaa vya setilaiti mgongoni, na wameona korongo yule yule mwaka mmoja anaishia Sudan, mwaka mwingine anafika Afrika Kusini. Ndege mmoja, mbawa zile zile.

Kwa hiyo mtu wa Moshi akisimama barabarani akasema "korongo wameisha duniani", ni sawa na mtu aliyeangalia sufuria yake akasema nchi ina njaa.

Nawasilisha. Wenye kumbukumbu za miaka ya nyuma waje.

Kibosho Juu:

Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa paleee na kahawa yangu.

Meku wa Kahe:

Kijana, umeandika vizuri, lakini usitufunike macho. Mimi nilipokuwa mdogo korongo walikuwa wanafuata jembe la ng'ombe hadi unaogopa kumkata mguu. Leo wako wapi? Sumu. Mwaka fulani walikuja kunyunyizia kwelea kwelea jioni kwenye matete walikolala. Asubuhi nilipita na baiskeli. Nilimkuta kipanga amelala chali kando ya mfereji, kucha zimekunjwa, na kwelea nusu bado yuko mdomoni. Hiyo nayo ni mvua?

Mwinga Ndege:

Meku, shikamoo. Hapo sikupingi hata kidogo. Ile dawa, fenthion, haichagui. Kwelea anayekufa polepole anakuwa mwepesi kukamatwa, na anayemla anakula na dawa. Vipanga, bundi, korongo, wote wamo. Na ni kweli pia kwamba ndege wengi wanaotoka Ulaya kuja Afrika wamepungua kwa miongo mingi mfululizo: mashamba ya kwao yamebadilika, mabwawa yamekaushwa, nyaya za umeme zinawaua, huku kwetu nyasi zimegeuka viwanja.

Ila tutenganishe mambo mawili, Meku. Kupungua polepole ni kama mtu anayekonda. Huoni leo wala kesho, unaona ukikuta picha ya zamani. Mwaka huu sifuri, mwaka jana mamia, mwaka wa mbele huenda mamia tena: huko siko kukonda. Sumu ya mwaka jana haiwezi kufufua korongo mwaka ujao.

Meku wa Kahe:

Marahaba. Tutaona huo mwaka ujao.

Dada wa Mitego:

Niongezee kwa mtoa mada, maana hapa amegusa kazi yangu. Mimi ni bibi shamba, nisingependa kusema wa wapi. Viwavijeshi ndio ufunguo wa korongo wa Desemba.

Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo. Nondo hawa wanasafiri usiku kwa upepo, mamia ya kilometa. Upepo unaokimbilia kwenye wingu la mvua unawakusanya mahali pamoja, mvua inawashusha, nondo jike anataga mamia ya mayai kwenye majani machanga. Ndiyo maana shamba lako linaliwa na la ng'ambo ya korongo (korongo la mto, msicheke) halijaguswa. Na mara nyingi inakuwa mbaya zaidi mvua inapokuja baada ya ukame mrefu. Tunaweka mitego yenye harufu ya nondo jike, madume yanaingia, asubuhi tunahesabu, taarifa zinakwenda Tengeru, ambako ndiko kuna kituo cha taifa cha viwavijeshi.

Sasa kiwavi akitoka kwenye yai ana wiki mbili, tatu tu za kula, halafu anajichimbia ardhini. Maana yake karamu ya korongo shambani kwako ni ya siku chache. Mtoa mada, huenda mwaka jana ulipita Sanya Juu ndani ya siku zile. Ungechelewa wiki mbili ungekuta mahindi yaliyobaki vijiti na hakuna ndege. Kuna mwaka niliwafuata hao viwavi kwenye malisho, nikawakuta korongo wamejipanga mstari mmoja kama wanafunzi wanaokagua uwanja, kila hatua mdomo chini. Sijawahi kuona dawa inayofanya kazi namna ile, na wala haina gharama.

Mwinga Ndege:

Dada, umenifungua macho. Kumbe ningekupigia simu wewe kabla ya kumpeleka mzee wa watu.

Pasua Boy:

Mimi bado niko kwenye 5G.

Kibosho Juu:

Pasua Boy kunywa maji ulale.

Mama Themi:

Jamani na mimi wa Arusha nina swali tofauti. Huwa napita kwenye mabwawa ya majitaka kila Jumamosi, harufu nimeshaizoea. Kule hakuna korongo ila kuna vitwitwi, vile vidogo vya kutoka kaskazini kabisa, mdomo umepinda kidogo kwenda chini. Maji yale hayategemei sana vuli, watu wanatumia vyoo mwaka mzima. Sasa kwa nini navyo kuna mwaka ni vingi na kuna mwaka ni vichache? Na kuna miaka naona vyenye mgongo wa magambamagamba vingi, miaka mingine karibu havipo.

Mwinga Ndege:

Mama, swali lako ni zito kuliko uzi wenyewe. Hao wa magambamagamba ni watoto wa mwaka huo. Wazazi wanatangulia kufika, kuanzia Agosti hivi, watoto wanafuata baadaye peke yao bila kuonyeshwa njia.

Kitwitwi huyo anazaliwa Siberia, pande za Taimyr, nchi ya barafu. Huko kuna panya mnene asiye na mkia wa maana, anaitwa lemingi. Kila miaka mitatu, minne hivi wanazaana hadi ardhi inatembea, kisha wanaanguka ghafla. Mbweha weupe wa huko wanawategemea wao. Mwaka wa lemingi wengi mbweha ameshiba, hata mtoto wa kitwitwi akipita puani hamgusi, na zaidi ya hapo mbweha wanazaa sana. Mwaka unaofuata lemingi wameanguka, mbweha ni wengi na wana njaa. Wanageukia nini? Mayai na vifaranga chini kwenye nyasi. Mwaka huo ndio unaona Arusha vitwitwi wazima watupu.

Jambo hili halijabuniwa kijiweni. Watafiti walilinganisha hesabu za watoto wa vitwitwi waliofika Afrika Kusini na miaka ya lemingi kule Siberia, zikaenda sambamba. Hebu fikirieni: idadi ya ndege kwenye majitaka ya Arusha inaamuliwa na panya ambaye hakuna hata mmoja wetu atakayemuona.

Mama Themi:

Mungu wangu. Na mimi nilikuwa nalaumu halmashauri.

Mwinga Ndege:

Lakini Mama, kuna mtego mwingine kwenye kuhesabu, na wengi wanauangukia. Mwaka wa mvua kubwa, kama ile vuli ya 2019 au El Niño ya 2023 kuingia 2024, kila bonde lina dimbwi. Ndege wa majini wanatawanyika huko kote, wawili hapa, watano pale, mahali ambapo hakuna mtu wa kuwaona. Wewe ukienda Manyara au Nyumba ya Mungu na daftari lako unakuta wachache, unaandika "wamepungua". Mwaka wa ukame madimbwi yote yamekauka, ndege wote wamebanana kwenye bwawa moja lililobaki, unahesabu hadi mkono unachoka, unaandika "wameongezeka". Mwaka wa neema unaonekana mbaya, mwaka wa dhiki unaonekana mzuri.

Ndiyo sababu hesabu ya ndege wa maji inafanywa Januari, mwezi mmoja, nchi nyingi kwa pamoja. Ilianza Ulaya mwaka 1967, huku Afrika ikashika miaka ya 1990. Bwawa moja likikudanganya, mengine mia yanalisahihisha.

Pasua Boy:

Sawa, naacha 5G. Niulize kistaarabu. Mbayuwayu wanaokaa kwenye nyaya mtaani kwetu kuanzia Oktoba, nao wanafuata viwavi? Maana nao kuna mwaka wanajaa hadi waya unalegea, kuna mwaka kimya.

Mwinga Ndege:

Karibu kundini. Mbayuwayu anakula wadudu wanaoruka, kwa hiyo mvua inamhusu, kumbikumbi wanamhusu. Ila huyu ni mwepesi mno, gramu ishirini hivi, na hali ya hewa njiani inaweza kumfuta kwa siku mbili. Vuli ya Ulaya ya 1974 baridi iliingia mapema, wadudu wakapotea, mbayuwayu wakakwama kaskazini ya milima ya Alps. Walikufa malaki. Watu wa Ujerumani na Uswisi waliwaokota kwenye mabanda na chini ya madaraja, wakawapakia kwenye maboksi, wakawavusha kwa treni na ndege hadi kusini. Ndege wakapanda ndege. Na Aprili 2020, wakati sisi tunanawa mikono kwenye ndoo, upepo mkali uliwapiga Ugiriki wakiwa wanarudi kutoka kwetu. Maelfu wakaokotwa wamekufa hadi kwenye mabaraza ya nyumba za Athens.

Na Afrika nayo inaua. Kuna ndege mdogo mwenye koo jeupe, anayekaa msimu wake wa baridi Saheli, ule ukanda mkavu wa kusini mwa Sahara. Ukame ulipoanza kule mwishoni mwa miaka ya 1960, Waingereza walisubiri wimbo wake majira ya kuchipua ya 1969. Kwa kila kumi walioondoka, zaidi ya saba hawakurudi. Wakamtafuta mchawi kwenye mashamba yao, kumbe kosa lilikuwa mvua ya Afrika.

Mzee wangu wa darubini aliniambia kitu cha namna hiyo siku ya mwisho. Wao kijijini wana miaka wanayoiita ya usumbufu, korongo wanachelewa, viota vinakaa vitupu hadi watu wanaanza kuulizana kanisani. Anaukumbuka 1997, baridi iliwakwamisha Mashariki ya Kati. Korongo akichelewa kufika, anazaa wachache au hazai kabisa. Na anayeondoka Afrika akiwa hajashiba ndiye anayechelewa. "Kwa hiyo," akasema, "mimi pia nawauliza ninyi mvua ilinyesha wapi."

Meku wa Kahe:

Huyo mzee mlete kwangu anywe mbege.

Pete ya Babu:

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Sisi ni watu wa Ngarenairobi. Babu yangu alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa mzungu mmoja enzi hizo. Alipofariki tulikuta kwenye funguo zake pete ya bati, pana kama kifuniko cha chupa iliyokatwa, ina maandishi. Alikuwa anasema aliikuta kwenye mguu wa ndege mrefu aliyekufa baada ya mvua ya mawe. Tulidhani hadithi.

Mwinga Ndege:

Ndugu yangu, soma maandishi yote uliyonayo. Hata herufi moja.

Pete ya Babu:

Funguo anazo mama, yuko shamba. Nipe muda.

Mwinga Ndege:

Wakati tunasubiri, niwape ya 1822. Kijiji kimoja kaskazini mwa Ujerumani, Klütz, walimuua korongo akiwa na mkuki umempita shingoni, urefu kama sentimeta themanini. Mti wa mkuki haukuwa wa kwao. Ulikuwa wa Afrika. Jamaa alichomwa huku, akaruka na mkuki wake hadi kwao. Kabla ya hapo wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama ndege hulala kwenye tope wakati wa baridi. Yupo hadi leo amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki wake shingoni.

Kibosho Juu:

Chai hiyo.

Mwinga Ndege:

Chai yenye picha, kamtafute.

Pete ya Babu:

Mama amerudi. Tumeisugua na majivu. Namba zimelika, naona 2 na 7 na nyingine siwezi. Neno linasomeka vizuri: HELGOLAND.

Mwinga Ndege:

Helgoland ni kituo cha Wajerumani cha kuwavisha ndege pete. Babu yako hakuwa anatunga. Piga picha ya kila upande, tutawaandikia, huenda daftari lao bado lina tarehe ya siku alipovishwa kiotoni. Mama asiisugue tena tafadhali.

Dada wa Mitego:

Wakuu, nimepita leo na pikipiki. Mvua imenyesha vizuri upande wa Simanjiro kwa siku nne sasa, huku juu hakuna kitu. Mitego ya huko nondo wameanza kuongezeka. Mimi sitabiri ndege, lakini ningekuwa na mgeni ningemuelekeza huko baada ya wiki mbili, siyo Sanya Juu.

Mwinga Ndege:

Mzee ameshapanda ndege ya kurudi juzi. Dada, unaniua.

Mama Themi:

Tufanye hivi: kila mtu akiona, aandike tarehe, mahali, idadi, na mvua ilinyesha lini hapo. Na asipoona pia aandike. Sifuri nayo ni hesabu.

Pasua Boy:

Pasua, leo. Mbayuwayu kwenye waya wa mbele ya duka, 34. Korongo sifuri. Mvua hakuna, vumbi tu.

Kibosho Juu:

Kibosho, sifuri. Mawingu yapo, kahawa ipo.

Mama Themi:

Arusha majitaka, Jumamosi. Vitwitwi 112, wa magamba nimeona 9. Manyunyu Alhamisi.

Meku wa Kahe:

Nimekwenda kwa mdogo wangu Simanjiro kwenye msiba. Wapo. Wamefuata nyuma ya ng'ombe kama zamani. Mimi macho yangu hayahesabu tena, wanasogeasogea. Nimewapa kazi wajukuu. Mmoja kasema 61, mwingine 58, sasa wanapigana.